Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: kile kichupa cha nyama ya kupima kansa kipandisheni hata kwenye pikipiki ya makohozi ya TB

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu, wakurugenzi wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wa hospitali za kanda, na nyie wageni wetu mnaokuja na fedha za utafiti wa kansa, shikamooni.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda cha kuchaji na kubadilisha vioo huku Kanda ya Ziwa, udaktari siujui. Nilichonacho ni kaunta buku moja la kurasa 96 ambalo nilianza kuandika siku baada ya siku mwaka 2021 wakati mtoto wa dada yangu anaumwa kile ambacho baadaye kilikuja kujulikana ni kansa ya Burkitt, na sababu ya kuanza kuandika ilikuwa ya kijinga tu, nilikuwa naandika nauli na hela za dawa ili tusije kugombana ukoo mzima baadaye nani alichanga nani hakuchanga. Sasa nauli zile nimeshazisahau ila tarehe ndo zinanisumbua.

Siku ya kwanza kwenye daftari imeandikwa "jino linacheza". Kijana alikuwa na miaka 6, umri wa kung'oka meno, kila mtu akacheka akamwambia atupe juu ya bati. Ila lilikuwa gego na shavu lilikuwa limejaa kidogo. Zahanati wakatoa amoksilini na panadol. Siku ya 9 tukaenda kwa wa meno, akang'oa mawili siku hiyohiyo, meno yalitoka kirahisi mno kama unachomoa mhindi uliochemka, na mimi nilimshika kichwa nikaona pale meno yalipotoka hakuna shimo, kuna kinyama chekundu kimejaa. Tukapewa tena amoksilini. Siku ya 20 jicho la upande ule lilikuwa linasukumwa nje, bibi yake akasema hili siyo la hospitali tena na akawa ameshatafuta mtu wa kumpeleka, nisiseme uongo hata mimi nilianza kuyumba. Siku ya 24 tukavuka ziwa. Enzi hizo Daraja la Kigongo-Busisi bado linajengwa, tulikaa foleni ya kivuko tangu asubuhi jua likiwa halijachomoza, mtoto amefunikwa kanga ya mama yake usoni maana watu walikuwa wanamshangaa.

Siku ya 26 wakamkata kipande kidogo cha uvimbe, kinyama cha kwenda kupima.

Hapa ndo ninapotaka mkae na mimi wakubwa, msiruke. Hospitali yenyewe siitaji, na maabara siitaji, wala haipo katika hizi nitakazozitaja mbele, na kwa maelezo niliyopata baadaye kwa wazazi wengine ishu ni hiyohiyo sehemu nyingi tu. Nilikabidhiwa kichupa cha plastiki chenye mfuniko wa njano, ndani kuna maji ya formalini ya kuzuia nyama isioze, yananuka mpaka machozi yanatoka na kinyama kama punje ya harage kinaelea, nje wamebandika plasta nyeupe ile ya vidonda wameandika jina la mtoto kwa peni ya bluu. Nikaambiwa nipeleke mwenyewe, maabara iko mkoa mwingine. Nikakifunga kwenye soksi, soksi nikaiweka kwenye mfuko wa sweta, nikapanda basi la usiku. Konda akanusa akauliza umebeba nini wewe, nikasema dawa ya mifugo. Mama niliyekaa naye alikuwa na maandazi, akayafunga akayarudisha kwenye begi, hakula mpaka tunafika. Saa zote hizo nimekishika kwa mkono kisipinduke, usingizi ukinibeba nashtuka napapasa, na kumbe lile jina la peni ya bluu lilikuwa linafutika kwa jasho la mkono wangu, nililigundua dirishani asubuhi wakati dada wa mapokezi ananiuliza hili ni jina gani. Hebu fikirieni ningekuwa nimelala. Ugonjwa wa mtoto wangu ungesomwa kwa jina la nani?

Nikalipa, nikapewa risiti, wakasema piga baada ya wiki mbili. Majibu yalitoka siku ya 78. Yaani siku 52 tangu akatwe. Katikati hapo nimeandika sababu zote nilizopewa kwenye simu, vitendanishi, yaani dawa za kupimia za maabara, vimeisha, daktari wa kusoma yuko semina, imesomwa ila inahitaji kupakwa rangi nyingine, imepakwa ila haijasainiwa. Siwalaumu wale wa simu, walinijibu kwa adabu kila mara, na huyo daktari wa darubini nilikuja kuambiwa alikuwa peke yake anasomea mikoa kadhaa.

Majibu yenyewe yaliandikwa Burkitt. Na kwa mliosahau, au mlio upande wa bajeti hamjawahi kuisoma, Burkitt ndo uvimbe unaokua haraka kuliko karibu kansa zote za binadamu, seli zake zinaweza kujidabo ndani ya siku moja mpaka mbili. Mimi ni mtu wa hela ndogondogo nikapiga hesabu yangu: chukua shilingi elfu 1, idabo kila siku 2. Wiki 2 walizoniahidi una laki 1 na elfu 28. Siku 52 nilizokaa mimi unapita bilioni 67. Najua mwilini haiendi hivyo mstari mmoja, seli nyingine zinakufa njiani, nimeelezwa. Lakini ndo mjue mnaposema "wiki mbili tatu hivi" mnaongelea nini.

Kijana wangu yuko hai, niseme hapahapa msije mkadhani naandika kwa ajili ya msiba wangu. Yuko hai kwa sababu daktari mmoja wa wodi, kijana tu, alimuangalia taya akasema hii nimeshaiona, sisubiri. Siku ya 30 akaanzisha dawa za kansa, saiklofosfamidi na vinkristini na sindano ya mgongoni, bila karatasi ya maabara mkononi. Kwanza drip za maji mfululizo, na mimi nikapewa kazi ya kupima mkojo kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu tuliyoichora mistari kwa maka peni, maana uvimbe huu ukipigwa dawa unakufa kwa mkupuo na mabaki yake yanaweza kuziba figo, mtoto akafa kwa kupona, ajabu hiyo. Usiku nachungulia mistari kwa tochi ya simu. Siku ya 33 jicho lilikuwa limerudi ndani. Siku ya 36 alifunga mdomo vizuri akaomba ugali. Siku ya 78 mimi napokea meseji ya kuja kuchukua majibu yeye yuko dozi ya nne na anakimbizana na wenzake koridoni.

Mnaona mtego ulipo? Daktari yule alibahatisha kwa jicho, na jicho lilikuwa sahihi, ila taya likivimba inaweza ikawa usaha wa mfupa, inaweza ikawa kansa nyingine inayotaka dawa nyingine, na angekosea angekuwa amemmwagia mtoto sumu bure na nyie ndo mngemuita kwenye kamati. Na akisubiri kama kanuni inavyosema, mtoto anamfia. Mnamuweka daktari wa zamu mahali ambapo akifuata utaratibu anaua.

Kitanda cha jirani kulikuwa na binti wa miaka 8 hivi, yeye taya lake zima kabisa, tumbo ndo lilikuwa limejaa na gumu. Tumboni huwezi kusoma kwa macho. Mara TB ya tumbo, mara minyoo, mara ini. Wakamkata, na kichupa chake kikaenda safari hiyohiyo, baba yake alinifuata nimuelekeze basi gani la kupanda. Binti alifariki usiku wa tisa baada ya kukatwa. Majibu sidhani hata kama yalifuatwa, nani angeenda kuyachukua? Kwa hiyo kwenye madaftari yenu huyo binti siyo Burkitt, siyo limfoma, ile jamii ya kansa za mitoki ambayo Burkitt imo, siyo kansa ya aina yoyote, ni mtoto tu aliyekufa na tumbo. Mnapokaa na wafadhili mnaangalia grafu ya wangapi walipona, jueni wale waliokufa wakisubiri jina hawamo kwenye grafu, na kwa hiyo grafu inawasifia kuliko mnavyostahili.

Nilivyokuwa wodini usiku silali nikawa nasoma kwenye simu kuhusu huu ugonjwa na ndo hasira ilipanda, kwa sababu huu ugonjwa ni wa kwetu jamani. Umejulikana duniani kutokea hapa kwa majirani, Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Kiairishi, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kuangalia mtoto aliyevimba taya zote mbili, mwaka 1958 akaandika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari la mitumba aina ya Ford wakazunguka maili 10,000 kusini mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakipita na Tanganyika yetu, wanaonyesha picha kila hospitali wanauliza hii mnayo? Wakagundua uvimbe unafuata joto na mvua, penye mbu upo, milimani kwenye baridi haupo. Leo tunajua ni malaria ya mara kwa mara ikishirikiana na kirusi cha Epstein-Barr na jeni moja inayoitwa MYC kuhama mahali pake.

Na hicho kirusi kilipatikanaje? Hapa ndo nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Vinyama vya watoto wa Uganda vilikuwa vinakatwa Kampala, vinapandishwa ndege Entebbe usiku, kesho yake viko London kwa Tony Epstein. Desemba 1963 ndege moja ikazuiwa na ukungu ikageuzwa ikatua Manchester, kinyama kikachelewa, kikafika maji yake yamechafuka, Epstein akadhani kimeoza na vijidudu, alipoweka kwenye darubini akakuta ni seli za uvimbe zimeachia zinaelea zenyewe, na hizo ndo alizoziotesha. Mwaka 1964 yeye na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi. Yaani huko kinyama kuchelewa kwa sababu ya ukungu kumeandikwa mpaka leo kama kisa cha kusimuliwa. Mwaka 1963! Mimi 2021 na simu janja mfukoni kinyama changu nimekiweka kwenye soksi.

Haikuishia hapo. Watoto kama 42,000 wa West Nile, Uganda, walitolewa damu miaka ya mwanzo ya 70, wakasubiriwa kuona nani ataugua, ripoti ikatoka 1978 na ndo ushahidi mkubwa wa kirusi hicho na huu ugonjwa. Watoto wa North Mara, wa kwetu kabisa, waligawiwa klorokwini kuanzia 1977 mpaka 1982 kuona kama malaria ikishuka na uvimbe utashuka, ukashuka kweli ila kumbe ulikuwa umeanza kushuka kabla ya vidonge, kwa hiyo jibu likabaki nusunusu. Kati ya 2010 na 2016 ukaja utafiti wa EMBLEM wa Wamarekani kuhusu Burkitt, Uganda, Kenya na Tanzania, hospitali za Bugando na Shirati zikiwemo. Sisi watu wa huku mikono yetu imezoea sindano za utafiti, hatujawahi kugoma.

Na hivi karibuni ukaja AI-REAL, utafiti wa limfoma wa Oxford na Muhimbili na wenzao, kwa fedha za umma za Uingereza, umefanyika hospitali za Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando na Lacor kule Gulu, Uganda. Huu nawapongeza kwa moyo wote maana umegusa jeraha lenyewe: wanachukua damu tu, mililita chache mkononi, wanatafuta humo vinasaba vilivyomwagwa na uvimbe pamoja na vya kirusi, wanalinganisha na majibu ya kinyama. Hakuna kukata, hakuna soksi. Tumbo la yule binti lingeweza kusomwa kutoka kwenye mkono. Na mashine ziko hapahapa nchini, vijana wetu wamefundishwa kuziendesha.

Swali langu kwa Waziri ni moja tu na ndo nimeandika barua nzima kwa ajili yake. Utafiti ukifungwa, vitendanishi vya mwezi unaofuata analipa nani? Kwa sababu tunaijua hii sinema. Mradi ukiwepo mgonjwa anafuatwa mpaka kijijini, nauli anarudishiwa, majibu yanakimbia. Mradi ukiisha mashine inafunikwa kitambaa cheupe kama maiti, fundi wake anaajiriwa na mradi mwingine wa ugonjwa mwingine, na mtoto anayevimba mwezi unaofuata anarudi kwenye foleni ya siku 52. Kipimo cha kusoma vinasaba ni ghali, najua, hakuna anayeomba kiwekwe kila zahanati. Lakini wekeni mstari kwenye bajeti wenye jina lake kabla mfadhili hajaaga, na mfadhili naye, ndugu zangu wa Uingereza na Marekani, msisaini kuanza kitu bila kusaini nani anakilea mkiondoka.

Lingine halihitaji hata mfadhili. Makohozi ya TB na damu za kupima wingi wa virusi vya HIV zina utaratibu wake wa kusafirishwa kutoka vituo vidogo kwenda maabara kubwa, nawaona wale vijana wa pikipiki wanapita na maboksi yao mbele ya kibanda changu. Makohozi yanataka ubaridi. Kinyama kilichoko kwenye formalini hata barafu hakihitaji, kinahitaji mfuniko uliokaza na jina lisilofutika. Hivi kweli kinashindikana kuingia kwenye lile boksi? Kuna mtu aliwahi kukaa akaamua kwamba kinyama cha kansa siyo sampuli ya serikali, ni mzigo wa familia? Kama yupo namuomba abadilishe. Daraja mmetujengea, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa 2025, mwanzoni niliona kama ndoto, tunavuka kwa dakika chache, asanteni sana kwa kweli. Sasa mnajenga daraja la mabilioni ili kichupa kivuke haraka kikakae wiki saba mezani?

Kuhusu madawa sitaki kuongea sana, wapo wanaojua zaidi. Nitagusa tu kwamba rituksimabu, dawa mojawapo ya limfoma, imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2015, na Lilongwe, Malawi, wameijaribu pamoja na dawa za kawaida kwa watu wazima wenye limfoma, wakiwemo wanaoishi na HIV, wakaona inawezekana na ni salama hata katika mazingira kama yetu. Lakini hata hiyo huwezi kumpa mtu mpaka kinyama chake kipakwe rangi kuona kama seli zina alama ya CD20, ambayo ndo dawa hiyo inaishika. Tunarudi palepale dirishani. Na wale watu wazima wenye mitoki shingoni, wangapi wamemeza dawa za TB miezi 6 kamili, mtoki unakua tu, ndo wakakatwa kinyama kwa mara ya kwanza? Kwenye mtaa wangu namjua mmoja, alikuwa na Hodgkin, limfoma nyingine, ambayo inatibika vizuri ikiwahiwa.

WHO mwaka 2018 walisema ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye kansa wapone, na Burkitt imo kwenye zile sita walizozitanguliza. Kwa wenzetu wenye uwezo Burkitt ya mtoto inapona karibu mara 9 kati ya 10. Dawa alizotumia kijana wangu ni za zamani, ni zilezile za tangu Burkitt mwenyewe yupo Mulago, siyo kitu cha anga za mbali.

Kwa hiyo kila hospitali ya rufaa ibandike ubaoni, pale panapobandikwa bei za vipimo, namba moja kila mwezi: siku ngapi kwa wastani tangu kinyama kinakatwa mpaka majibu yanamfika daktari wa wodi. Yanamfika daktari wa wodi, siyo yanasainiwa maabara, msituchezee hapo. Sisi wenyewe tutaisoma, hatuhitaji semina.

La mwisho ni la kwangu binafsi. Wiki ya pili wodini kijana alitolewa damu ya utafiti, vichupa viwili vidogo, mfuniko zambarau. Siyo utafiti wowote niliouandika humu, ni mwingine na siutaji. Dada yangu aliweka dole gumba kwenye fomu, mimi nikasaini kama shahidi, wakasema majibu yakipatikana tutaarifiwa. Yule kijana sasa yuko darasa la tano, upande mmoja wa taya hana magego, anatafunia upande mwingine na mahindi ya kuchoma hayamshindi. Namba ya simu tuliyoiandika kwenye ile fomu ni yangu mimi, sijaibadilisha, laini ninaitunza hewani kwa ajili hiyo.